Mediterania, chakula cha nyumbani, vidonge au kufunga: uchague kipi akili ikielemewa?

Karatasi ya ushauri wa lishe aliyopewa dada yangu ilianza na samaki aina ya salmoni na kumalizia na mafuta ya zeituni. Katikati yake kulikuwa na lozi, mtindi usio na sukari na matunda ambayo sijawahi kuyaona Moshi. Aliipokea akiwa kwenye wiki ya tatu bila usingizi wa maana, hata kuchana nywele kumemshinda, na mwenda sokoni nilikuwa mimi. Nilizunguka nayo Mbuyuni asubuhi nzima. Nilirudi na parachichi, dagaa na mchicha, nikiwa na hofu kwamba namnyima dada yangu kitu ambacho kingemponya.

Tangu siku hiyo nimesoma sana juu ya chakula na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, na nimekutana na watu wengi waliokwama palepale. Mmoja ameambiwa afuate mlo wa Mediterania. Mwingine ameambiwa na bibi yake arudi kwenye ulezi na kunde. Wa tatu ameuziwa kopo la vidonge, na wa nne amesikia kwamba kufunga husafisha akili. Nimeziweka njia hizi nne kwenye mizani moja ili anayechagua ajue anachagua nini.

Kwanza, chakula hufikaje akilini? Ubongo ni takribani asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati ya mwili uliotulia. Ukikosa chuma, vitamini B12 au foliki asidi, uchovu, usahaulifu na huzuni hujitokeza, wakati mwingine kabla mtu hajajua kwamba damu yake imepungua. Njia nyingine ni kinga ya mwili. Kinga ikiwaka muda mrefu bila adui wa kupigana naye, hali ambayo madaktari huiita inflamesheni, hisia nazo huguswa. Ilionekana wazi kwa wagonjwa wa homa ya ini aina ya C waliokuwa wakitibiwa kwa interferoni, dawa inayoamsha kinga: baadhi yao walipata sonona kamili katikati ya matibabu. Halafu kuna dai linalosambazwa sana, kwamba asilimia 90 ya serotonini hutengenezwa tumboni na kwa hiyo furaha hutoka tumboni. Sehemu ya kwanza ni kweli. Lakini serotonini ya tumboni haivuki kuingia kwenye ubongo, kwa hiyo anayekuuzia kitu kwa hoja hiyo peke yake, muulize zaidi.

Vigezo

Nimetumia vigezo vinne. Ushahidi: je, njia imejaribiwa kwa watu wenye sonona, au ni makisio kutoka kwa watu wazima wa afya? Mfukoni: inapatikana sokoni kwetu, na kwa pesa ya nani? Tahadhari: inaweza kumdhuru nani?

Kigezo cha nne nimekiita siku mbaya, na ndicho ninachokipa uzito kuliko vyote. Sonona huchukua hamu ya kula, huchukua nguvu za kupika, na huchukua hata uwezo wa kuamua kati ya wali na ugali. Mlo unaowezekana tu siku ambayo mtu anajisikia vizuri hautamfikia siku anapouhitaji. Kwa kila njia, jiulize: siku ambayo hawezi kuinuka kitandani, nani atapika, na atapika nini?

Mlo wa Mediterania

Ni mboga nyingi, matunda, nafaka zisizokobolewa, jamii ya kunde, samaki, karanga na lozi, na mafuta ya zeituni. Nyama nyekundu huliwa kwa kiasi. Soda, keki na vya kukaanga huliwa kwa nadra.

Ushahidi. Kati ya njia hizi nne, huu ndio mlo uliojaribiwa zaidi kwa wagonjwa wenyewe. Mwaka 2017 Felice Jacka na wenzake wa Chuo Kikuu cha Deakin, Australia, walichapisha jaribio lililoitwa SMILES. Watu 67 wenye sonona ya kati hadi kali waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilikutana na mtaalamu wa lishe mara saba. Kundi la pili lilipata mtu wa kuzungumza naye tu mambo ya kawaida, kwa muda uleule. Baada ya wiki 12, asilimia 32 ya waliobadili mlo walikuwa wametoka kwenye kiwango cha ugonjwa, dhidi ya asilimia 8 ya wenzao. Mwaka 2022 jaribio jingine la wiki 12, la vijana 72 wa kiume wenye sonona huko Sydney, nalo lilionyesha nafuu upande wa waliobadili mlo.

Ni matokeo ya kutia moyo, ila yasomwe yote. Wengi wa watu wa SMILES walikuwa tayari kwenye dawa au ushauri nasaha, kwa hiyo mlo uliongezwa juu ya tiba. Walikuwa wachache, na kila mmoja alijua yuko kundi gani, jambo ambalo huweza kuyakuza matokeo.

Mfukoni. Watafiti wa SMILES walikuta kwamba mlo huo haukuwa ghali kuliko vyakula ambavyo washiriki walikuwa wakinunua kabla. Lakini hesabu hiyo ni ya Australia. Kwetu mafuta ya zeituni huja kwa meli na chupa ndogo hula pesa ya mboga za wiki. Mifupa ya mlo huu lakini inaweza kuvikwa nyama ya hapa: kibua au dagaa mahali pa salmoni, na maharage ambayo tunayo tele. Parachichi na karanga zina kwa wingi aina ileile ya mafuta iliyomo kwenye zeituni.

Siku mbaya. Hapa mlo huu unayumba. Unataka mipango, kukatakata mboga na kununua vibichi mara kwa mara. Washiriki wa Australia walikuwa na mtaalamu wa kuwashika mkono. Anayepewa karatasi na kuagwa mlangoni hana huyo.

Tahadhari. Ni chache. Anayetumia wafarini ya kuzuia damu kuganda asiongeze ghafla mboga za majani bila kumwambia daktari wake, kwa sababu vitamini K iliyomo hubadili nguvu ya dawa.

Unamfaa nani? Mwenye kipato cha uhakika, anayejipikia au mwenye anayempikia, na anayetulia akifuata mpango ulioandikwa. Unamfaa pia ndugu yetu aliyeko Uingereza au Marekani, ambako maharage ya kopo na samaki wa kopo humaliza kazi kwa dakika kumi.

Chakula cha nyumbani

Nasema cha nyumbani nikimaanisha kile walichokula wazee kabla ya sembe nyeupe na chipsi kutawala: dona, ulezi na mtama, ndizi, kunde, choroko, mbaazi, mchicha, kisamvu, mnavu, matembele, dagaa, mtindi na togwa. Huku kwetu Kilimanjaro ongeza kiburu, yaani ndizi zilizopikwa pamoja na maharage.

Ushahidi. Mwezi Aprili 2025 jarida la Nature Medicine lilichapisha utafiti uliofanyika hapahapa Moshi, kwa ushirikiano wa watafiti wa KCMC, hospitali ya rufaa ya hapa, na wa Chuo Kikuu cha Radboud, Uholanzi. Wanaume 77 wenye afya walishiriki. Baadhi waliokuwa wakila vyakula vya asili walihamishiwa kwenye vyakula vya kisasa vilivyosindikwa kwa wiki 2. Wengine walihamishwa kinyume chake. Kundi jingine lilikunywa mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa wiki 1. Wiki mbili tu zilitosha. Waliohamia vyakula vya kisasa walipanda viashiria vya inflamesheni kwenye damu, na chembe zao za kinga zikawa zembe mbele ya vijidudu. Waliorudi kwenye chakula cha asili walielekea upande wa pili, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki 4 baadaye.

Nilipousoma utafiti huo nilikumbuka ile asubuhi ya Mbuyuni na hofu yangu. Hata hivyo lazima niseme kilichomo na kisichomo. Walipimwa damu, hawakupimwa huzuni. Hapakuwa na mgonjwa wa sonona wala mwanamke hata mmoja. Kutoka inflamesheni hadi hisia kuna daraja ambalo kwa chakula chetu halijavukwa bado. Kwa hiyo kwa ushahidi wa moja kwa moja, Mediterania iko mbele. Kinachokisogeza karibu chakula cha nyumbani ni kwamba ukivilaza sahani hizo mbili upande kwa upande, viungo vyake ni ndugu: mboga za majani, jamii ya kunde, nafaka nzima, samaki.

Kuhusu mbege, mtu asikimbilie kilabuni. Pombe hudidimiza hisia, huvuruga usingizi na hugongana na dawa nyingi za akili. Anayetaka kilichochachuka anywe mtindi au togwa.

Mfukoni. Hapa ndipo ushindi wake ulipo. Fungu la mchicha, kipimo cha dagaa na kilo ya maharage hulisha nyumba nzima. Dagaa huliwa mzima, kichwa na mifupa, kwa hiyo hubeba chuma, zinki, kalsiamu, B12 na mafuta ya omega-3 kwa pamoja. Hilo kopo la vidonge vya samaki linatafuta kuiga kitu ambacho mama wa sokoni anakimwaga kwenye gazeti.

Siku mbaya. Maharage makavu ni saa mbili za mkaa, na mgonjwa aliye peke yake hatayachemsha. Lakini chakula hiki kina faida moja kubwa: wengi wanajua kukipika. Jirani, shangazi, mdogo wa miaka kumi na tano, yeyote anaweza kuchemsha uji wa ulezi. Kwa dada yangu uji ndio uliotangulia vyote. Alikataa sahani, lakini kikombe alikipokea. Tuliuweka maziwa na karanga iliyosagwa, akanywa nusu kikombe, baada ya saa mbili nusu nyingine. Maharage yalichemshwa mara moja kwa wiki, yakagawanywa kwenye vikopo. Mtori ulikuja baadaye, hamu iliporudi.

Tahadhari. Chakula kuwa cha nyumbani hakukifanyi kuwa kamili. Ugali mweupe na mchuzi mwepesi kila siku nao ni chakula cha nyumbani, na unaweza kuharibu akili kabisa. Mwaka 1990 maelfu ya wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi waliugua pelagra, ugonjwa wa kukosa niasini, ambao huanza na ngozi, huja na kuhara, na ukiachwa humfanya mtu achanganyikiwe. Mgao wao ulikuwa wa mahindi zaidi, na karanga, zilizokuwa chanzo chao kikuu cha niasini, zilikuwa zimekatika. Karanga tu. Sijawahi tena kuiona karanga kwenye uji kama pambo.

Karanga na mahindi yenyewe yachaguliwe: zilizokunjamana, nyeusi au zenye ukungu hubeba sumukuvu, zitupwe. Na chai ya rangi isinywewe pamoja na mlo, kwa kuwa huzuia chuma cha mboga na maharage kufyonzwa. Isubiri saa moja au mbili. Ndimu juu ya mchicha hufanya kinyume, hukifungulia chuma mlango. Lile neno la wafarini na mboga za majani linahusu hapa pia.

Unamfaa nani? Familia yenye bajeti ndogo, anayehudumiwa na ndugu, na yeyote ambaye ladha ya kwao humfungua koo.

Vidonge vya virutubisho

Ushahidi. Hapa lazima tutenganishe watu wawili. Wa kwanza hana upungufu wowote, anatafuta kuinua hisia. Kwake ushahidi ni hafifu. Jaribio la MooDFOOD, lililochapishwa 2019, liliwafuata watu 1,025 wenye uzito mkubwa katika nchi nne za Ulaya kwa mwaka mmoja. Vidonge vya omega-3, vitamini D, foliki asidi na seleniamu havikuzuia sonona. Marekani, watu zaidi ya 18,000 wenye miaka 50 na kuendelea walifuatiliwa kwa miaka kama mitano, nusu wakimeza vitamini D kila siku. Matokeo ya 2020 yalionyesha kwamba haikupunguza hatari ya sonona.

Wa pili ana upungufu kweli, na kwake kidonge kinaweza kufanya kile ambacho sahani itachukua miezi kukifanya. Utafiti wa afya ya Tanzania wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 42 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Fikiria ni wangapi kati yao wameitwa wavivu, au wamejiona wamechoka na maisha, kumbe damu ni ndogo. Hata kabla damu haijashuka, akiba ya chuma ikipungua uchovu huingia. Katika utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2012, wanawake 198 wenye uchovu na akiba ndogo ya chuma lakini wasio na upungufu wa damu walipewa chuma au kidonge kitupu kwa wiki 12. Uchovu wa waliopewa chuma ulishuka kwa karibu nusu, wa wenzao kwa karibu asilimia 29.

Mfukoni. Kidonge cha chuma na foliki asidi ni rahisi, na wajawazito hupewa kliniki. Makopo ya kutoka nje yenye picha ya ubongo ni habari nyingine. Kabla ya kutoa pesa hiyo, itumie kupima damu.

Siku mbaya. Tuwe wakweli, hakuna kinachokishinda kidonge hapa. Ni glasi moja ya maji. Lakini hakishibishi, na mtu anayemeza vidonge juu ya tumbo tupu bado ana njaa.

Tahadhari. Mwenye selimundu (sickle cell) asimeze chuma bila daktari wake. Anayetumia metformini ya kisukari kwa miaka mingi anaweza kupungukiwa B12, kwa hiyo aombe kipimo kabla ya kulaumu uzee. Na kuna mmea unaouzwa kama dawa ya asili ya huzuni, St John's wort. Huo hupunguza nguvu ya dawa za kufubaza VVU na ya vidonge vya uzazi wa mpango, na ukichanganywa na dawa za sonona unaweza kuleta sumu ya serotonini mwilini. Chochote unachomeza, kitaje kwa anayekuandikia dawa.

Unamfaa nani? Mjamzito, mwanamke mwenye hedhi nzito, asiyekula kabisa vitu vya mnyama (B12 haimo kwenye mimea), na yeyote aliyepimwa akaonekana kupungukiwa.

Kufunga na kuruka milo

Ushahidi. Wapo wanaosema mawazo yao hunyooka wakila mara moja au mbili kwa siku, nami siwapingi, kwa sababu wengine hupata nidhamu na utulivu hasa funga ikiwa ya ibada na ya pamoja. Lakini kwa mtu aliye ndani ya sonona sijaona jaribio lenye uzito kama SMILES. Tunachokijua vizuri ni upande wa njaa ndefu. Mwaka 1945, Minnesota, Ancel Keys aliwapunguzia chakula wanaume 36 wenye afya kwa wiki 24. Waliingia na akili timamu. Njiani wakawa wenye hasira, huzuni na kujitenga, wakiwaza chakula mchana na usiku.

Mfukoni. Haina gharama, na hapo ndipo mtego wake ulipo: anayekosa pesa anaweza kuiita njaa yake funga.

Siku mbaya. Sonona yenyewe tayari humnyima mtu kula. Kuruka mlo siku hiyo hakuhitaji uamuzi wowote, kwa hiyo huwezi kujua kama unafunga au unaugua.

Tahadhari. Anayetumia lithiamu, dawa ya kutuliza hisia, hatakiwi kukaukiwa maji, kwani kiwango cha dawa hupanda kwenye damu. Mwenye tatizo la hisia kupanda na kushuka, usingizi uliokatwa kwa daku unaweza kuliamsha tatizo hilo. Aliyewahi kuugua matatizo ya ulaji akae mbali kabisa. Ramadhani ikikaribia, mgonjwa azungumze na daktari na shehe wake mapema. Mgonjwa ana ruhusa.

Inamfaa nani? Aliye mzima, anayelala vizuri, na ambaye futari yake ni chakula kamili.

Ukiwa katika hali hii

Kama unaweza kuinuka, kupika na kununua, na huzuni ni ya kadiri, anza na Mediterania iliyovaa nguo za hapa au chakula cha nyumbani kilichopangwa vizuri. Chagua kwa ladha na mfuko, kisha jipe wiki 12 kama wale wa SMILES, si siku nne.

Kama uchovu umetangulia huzuni, na hasa kama wewe ni mwanamke wa umri wa kuzaa, nenda maabara kwanza. Kipimo cha damu ndicho kitakachokuambia kama kidonge ni chako.

Mwanafunzi au kijana wa geto mwenye jiko moja na chipsi mayai mlangoni hana haja ya kubadili kila kitu. Dagaa waliokaangwa wakakauka hukaa wiki nzima. Parachichi halihitaji moto. Mayai achemshe badala ya kuyazamisha kwenye mafuta, na chai nzito au kinywaji cha kuongeza nguvu kisimkute baada ya saa tisa alasiri, kwa sababu kafeini huchukua takribani saa tano kupungua nusu, na usingizi uliokosekana huzaa huzuni ya kesho.

Kama upo kwenye dawa za sonona na zinakusaidia, usiziache kwa sababu umeanza kula vizuri. Ongeza sahani, dawa ibaki, na mabadiliko yoyote yaanzie kwa daktari.

Ukiwa na mawazo ya kujiua, au unamwona mtu anaaga na kugawa vitu vyake, hapo si suala la mlo. Aende hospitali leo, asindikizwe, na asiachwe peke yake hata usiku mmoja.

Na kama wewe ndiye unayemuuguza mtu, usimuulize atakula nini; swali hilo ni zito kwake. Koroga uji wa ulezi mwepesi, tia maziwa na karanga iliyosagwa, jaza chupa ya chai asubuhi, uiweke karibu na kitanda pamoja na kikombe. Ukirudi jioni itikise. Ikiwa nyepesi kuliko ulivyoiacha, kesho ijaze tena.